Maua mengi, zabibu chache: mwongozo kamili wa kuivusha mizabibu kipindi cha maua

Kila msimu swali ni lile lile. Mtu kapruni (kapogoa) vizuri, macho (vile vitufe vya kwenye tawi) yamechipua, mashada yametoka mpaka anapiga picha anarusha kwenye grupu, alafu wiki 3 baadae anauliza mbona chini ya mzabibu kumejaa vitu kama pumba na shada limebaki mifupa. Majibu anayopewa nayo ni yale yale: piga busta (mbolea ya maji ya kukuza haraka), piga dawa ya wadudu, mwagia maji ya kutosha. Na hayo matatu yakifanyika kwa pamoja wiki ya maua ndo yanamalizia kabisa kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Mwongozo huu ni wa mizabibu ya Dodoma, yaani Makutupora Nyekundu, Chenin Blanc, Syrah na nyinginezo kwenye udongo wetu wa kichanga kuanzia Hombolo, Mpunguzi, Mvumi mpaka Chinangali. Msimamo wangu niuseme mapema ili usisome ukitafuta dawa ya miujiza: kazi ya maua inafanyika kabla kofia (kile kifuniko cha kijani cha ua) hazijaanza kudondoka, na nyingine baada ya kuisha. Pale katikati, siku kama 7 hadi 10 hivi hali ya hewa ikiwa nzuri, wewe ni mlinzi tu.

## Kwanza ulijue ua lenyewe

Ua la zabibu halifunguki kwa juu kama maua mengine. Petali zake 5 zimeungana zikawa kofia moja ya kijani, na hiyo kofia inaachia kuanzia chini, inanyanyuka, inadondoka. Ikishatoka ndo unaona vijiti 5 vyenye chavua ya njano vimezunguka kitu kidogo cha kijani katikati, na hicho cha katikati ndo punje yenyewe ya baadae.

Aina tunazolima zinajichavusha zenyewe, ua lina dume na jike humo humo na upepo unasaidia kidogo. Nyuki wakija sawa, wasipokuja zabibu itashika tu, kwaiyo acha kununua mizinga kwa sababu hiyo (nunua kwa ajili ya asali).

Sasa hapa ndo wengi wanapopaniki. Kinachodondoka mwanzo ni kofia, na zinatakiwa zidondoke. Baada ya hapo, ndani ya wiki moja mpaka mbili, yanadondoka maua ambayo hayakushika, na hayo yanadondoka na kijikonyo chake. Shamba lenye afya kabisa maua yanayogeuka punje huwa ni kati ya asilimia 20 na 50, yaani nusu au zaidi ya nusu kudondoka ni kawaida ya mzabibu, na yangeshika yote shada lingebanana mpaka punje zinapasuana zenyewe. Ishu inaanza pale kilichoshika kinapokuwa chini ya hapo, au kimeshika kwa mchanganyiko, punje kubwa moja na vidogo vitano visivyokua.

## Vitu vya kuandaa

Andaa hivi kabla hata maua hayajatoka, sio uanze kuvitafuta mjini siku kofia zimeshaanza kudondoka:

- Daftari na kalamu, au simu, ya kuandika tarehe ya kupruni kila kipande cha shamba
- Mkasi wa kupogolea, na spiriti au jiki ya kuufutia ukihama kutoka mzabibu unaoumwa
- Kamba laini au vipande vya kitambaa vya kufungia machipukizi kwenye waya au mti
- Bomba la mgongoni la dawa za ukungu na mbolea ya majani, na hili lisiwe limewahi kubeba dawa ya magugu, nitaeleza mbele
- Mbolea ya majani (ya kupuliza juu ya majani) yenye boroni na nyingine yenye zinki (au moja yenye vyote, soma lebo)
- Salfa ya kuchanganya na maji kwa ajili ya ubwiri unga, na dawa ya ubwiri vinyoya iliyosajiliwa (haya ni magonjwa mawili ya ukungu, nitayatofautisha hatua ya 5), ikiwezekana za makundi mawili tofauti, yaani zinazoua ukungu kwa njia tofauti, ili usirudie ile ile
- Karatasi nyeupe au sahani nyeupe ya kukagulia wadudu
- Kipande cha chandarua chakavu na uzi, kwa ajili ya kupima mwishoni
- Barakoa, glavu, miwani na buti

Lenzi ndogo ya mkononi ikipatikana ni nzuri, ila kamera ya simu ukivuta karibu inatosha.

## Jua unavusha maua yapi

Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na maana yake tunavusha maua mara mbili, na maua haya mawili adui zao hawafanani hata kidogo. Mtu anayetumia ratiba moja kwa misimu yote miwili lazima mmoja umuumize.

Maua ya mvua. Ukipruni Oktoba au Novemba, maua yanaangukia Desemba na Januari, katikati ya mvua. Hapa adui ni unyevu. Mvua inaosha chavua, kofia zinagandia kwenye ua badala ya kudondoka, na ubwiri unaingia kwenye shada lenyewe.

Maua ya kipupwe. Ukipruni Aprili au Mei baada ya mavuno ya mwanzo wa mwaka, maua yanaangukia Juni hivi mpaka Julai. Mvua hamna, magonjwa yanapungua, na ndo msimu unaotoa zabibu yenye sukari nzuri. Lakini usiku wa Juni na Julai Dodoma joto linashuka chini ya nyuzi 15, upepo unavuma kweli kweli, na udongo wa kichanga unakauka fasta. Hapa adui ni baridi, upepo na kiu.

Ua la zabibu linapenda joto la nyuzi 20 hadi 30. Chini ya 15 chavua inalala na maua yanajivuta, badala ya wiki moja unakaa nayo wiki mbili au zaidi huku mengine yameshika na mengine hayajafunguka. Likizidi 35 nalo linaunguza.

## Hatua ya 1: Pruni kipande kimoja kwa siku chache, andika tarehe

Maua ya pamoja yanaanzia kwenye kupruni kwa pamoja. Ukipruni ekari moja kwa wiki tatu kwa sababu fundi anakuja akijisikia, utakuwa na mzabibu mmoja unachanua na wa jirani yake una punje za ukubwa wa pilipili mtama, na hapo hakuna siku utakayopiga dawa bila kumkosea mmoja wao.

Kwaiyo gawa shamba vipande, kila kipande kimalizike ndani ya siku 2 au 3, andika tarehe. Kutoka kupruni mpaka maua hesabu wiki 5 hadi 7. Kwenye joto ni mapema, kwenye kipupwe inasogea mbele kwa sababu hata macho yenyewe yanachelewa kuchipua.

Na ukitaka kukwepa baridi kali, hapa ndo pa kukwepea. Anayepruni katikati ya Aprili maua yake yanatoka kabla ya Julai, anayesubiri mwisho wa Mei anayapeleka mwenyewe kwenye baridi alafu anakuja kulaumu mbegu.

## Hatua ya 2: Wiki ya 3 na ya 4 baada ya kupruni, punguza machipukizi

Machipukizi yakifika urefu wa sentimita 15 hadi 20 mashada yanaonekana, madogo, yamejibana kama kitu kimoja. Sasa pita mzabibu kwa mzabibu.

Jicho moja likitoa machipukizi mawili, ondoa moja, baki na lenye shada. Yanayotoka shinani chini ondoa yote. Kwa mizabibu ya kwenye waya, kwa kila mita ya mkono (tawi kuu lililolazwa kwenye waya) acha machipukizi kama 12 hadi 15, na kwa ile ya kichaka hakikisha katikati panapitisha mwanga na hewa. Tumia mkono, yakiwa machanga hivyo yanang'oka vizuri bila kuacha kisiki.

Sababu ni mbili. Moja unaijua, chakula kigawanywe kwa wachache. Ya pili watu hawaisemi: lile jicho lililopo chini ya kila jani saivi, ndani yake kunatengenezwa mashada ya msimu UJAO, na yanatengenezwa karibu na kipindi hiki hiki cha maua. Jicho likikaa kivulini linajiandaa kutoa majani matupu. Kwetu tunaopruni mara mbili kwa mwaka madhara yake hayakai mbali, ni miezi michache tu unapruni tena unashangaa mizabibu imejaa majani, mashada ya kuhesabu.

Mzabibu wa mwaka wa kwanza ukitoa maua, yaondoe. Najua inauma, ila unajenga shina na mizizi bado.

Fanya na kufunga hapa hapa. Maua ya kipupwe yanakutana na upepo, na chipukizi changa linang'oka kwenye maungio kwa urahisi sana, linaondoka na mashada yake yote. Funga kwa kulegeza, umbo la namba nane, ili kamba isikate.

*Umefaulu ukiona:* ukisimama upande mmoja wa mstari unaona mtu aliyesimama upande wa pili, walau kwa vipande vipande, na shada linapata jua la kupitapita.

## Hatua ya 3: Boroni na zinki, kabla

Hii ndo hatua inayorukwa na wengi, alafu ndo inayokumbukwa maua yakishapukutika.

Chavua ikitua juu ya ua inaota kimrija kinachoshuka mpaka chini ndo mbegu inatungwa. Bila boroni ya kutosha hicho kimrija hakifiki. Udongo wa kichanga haushiki boroni, maji yanaipeleka chini, na kwenye ukavu mizizi inashindwa kuivuta hata kama ipo. Zinki nayo ikipungua majani yanakuwa madogo, pingili fupi, na shada linatoa punje za mchanganyiko.

Piga mara mbili: ya kwanza machipukizi yakiwa na urefu wa kama sentimita 20 hadi 30, ya pili siku kadhaa kabla ya kofia kuanza kudondoka, pale ambapo vile vitufe vya maua vimeshaachana achana kwenye shada na sio donge tena. Kwa boroni ya unga inayoyeyuka, watu wengi wanaenda na kama gramu 1 kwa lita, yaani gramu 20 kwa bomba la lita 20, ila lebo ya bidhaa yako ndo inatawala maana nguvu zinatofautiana. Piga asubuhi mapema au jioni, lowesha majani na mashada.

Onyo kubwa hapa. Boroni nafasi kati ya "haitoshi" na "sumu" ni nyembamba kuliko mbolea nyingine zote unazozijua. Ukizidisha, kingo za majani zinaungua na majani machanga yanajikunja. Usiongeze kijiko cha "kuhakikisha", na usipige boroni ya majani huku ulishamwaga nyingine ardhini msimu huo huo. Pesa ikiwepo pima udongo au majani kwanza. TARI Makutupora ndo kituo cha utafiti cha zabibu na kipo hapa hapa, nenda kaulize, wanakijua kichanga cha kwetu.

## Hatua ya 4: Funga mdomo wa yurea, fungua maji kwa akili

Mbolea ya naitrojeni, iwe yurea au CAN au samadi mbichi, isiingie shambani ndani ya wiki 2 au 3 kabla ya maua wala wakati wa maua. Ukiimwaga, ncha za machipukizi zinakimbia, na ncha inayokimbia inavuta sukari yote juu, maua yananyimwa yanadondoka. Wale wanaosema "shamba langu limestawi kijani kibichi ila zabibu hamna", tisa kati ya kumi ukiwauliza walimwaga nini mwezi uliopita utapata jibu. Naitrojeni ina muda wake, punje zikishashika.

Maji. Mzabibu ukiona kiu wakati wa maua unaanza kutupa mzigo, na mzigo wa kwanza kutupwa ni maua. Lakini pia ukiuacha ukauke alafu unaushtua na maji ya mafuriko katikati ya maua, unaamsha machipukizi kukimbia, matokeo yanafanana na ya yurea.

Kipimo cha bure: chimba kwa mkono au kijiti cha chuma kina cha sentimita 30 karibu na shina, chukua udongo ukaminye. Ukishika umbo alafu ukavunjika ukiugusa, pako sawa. Ukimwagika kama ulivyo, mwagia. Ukitoa maji vidoleni, umezidisha. Kwa dripu, kichanga kinataka kidogo kidogo mara kwa mara kuliko kingi mara moja kwa wiki. Anayemwagia kwa ndoo au mfereji afanye siku chache kabla ya maua, arudie kwa kiasi kama kipimo kinadai, na maji yasiguse mashada. Matandazo ya mabua yanasaidia sana kipupwe, ila angalia mchwa.

Na jembe lisishuke chini wiki hizi. Palilia juu juu, mizizi midogo ya kunywa maji iko karibu na uso wa udongo, na ukiikata leo maua yatajua kesho.

## Hatua ya 5: Dawa ya ukungu, ya mwisho kabla ya kofia

Shada ni laini kwa magonjwa kuanzia muda mfupi kabla ya maua mpaka kama wiki 3 au 4 baada ya maua. Baada ya hapo punje inaanza kujikaza yenyewe. Kwaiyo kama mfuko wako unaruhusu dawa chache tu msimu mzima, mbili zisizokwepeka ni ile ya kabla ya maua na ile ya mara tu baada ya maua. Watu wanafanya kinyume, wanasubiri waone ukungu kwenye punje ndo wakimbie duka la pembejeo, na hapo umeshachelewa.

Jinsi ya kuwatofautisha hawa wawili. Ubwiri unga ni vumbi la kijivujeupe kama majivu juu ya jani na kwenye shada, hauhitaji mvua, unapenda kivuli na msongamano, na unaweza kukukuta hata kipupwe. Ubwiri vinyoya unaanza na doa la njano lenye mng'ao wa mafuta juu ya jani, ukigeuza chini unakuta manyoya meupe, na huu ni wa mvua. Ukiingia kwenye shada la maua linajikunja, linageuka kahawia, linakauka lote, na mkulima anasema "maua yamepukutika" kumbe ni ugonjwa.

Kwa ubwiri unga salfa inatosha na bei yake inavumilika. Usiipige joto likiwa juu ya nyuzi 30, inaunguza, na usiikutanishe na dawa ya mafuta, acha wiki 2 katikati. Kwa ubwiri vinyoya tumia dawa ya kundi moja kabla ya maua na ya kundi jingine baada, ukirudia ile ile kila mara ukungu unaizoea. Dawa za kopa (za madini ya shaba) zisikaribie maua yaliyofunguka, hasa siku za mawingu zinapochelewa kukauka. Mankozebu (dawa nyingine ya ukungu) nayo soma lebo siku za kusubiri mpaka kuvuna, ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na wanunuzi wanapima mabaki ya dawa.

Siku hiyo hiyo kagua vithiripi. Weka karatasi nyeupe chini ya shada, ligonge gonge kwa kidole, angalia vijidudu vyembamba vya njano au kahawia vinavyotembea. Ukiona kimoja kimoja achana navyo. Vikiwa vingi kwenye kila shada unalogonga, piga SASA kabla kofia hazijafunguka maana vikila ua, punje inakuja na makovu. Baada ya kofia kufunguka dawa ya wadudu hapana, nyuki wanakuja kuchukua chavua na huna sababu ya kuwaua.

### Kuhusu 2,4-D, soma hii mara mbili

Mzabibu ni kati ya mimea inayoumizwa vibaya mno na dawa ya magugu ya 2,4-D, ile ya kuua majani mapana ambayo watu wanapiga kwenye mahindi na mtama, na ikikukuta karibu na maua ndo mbaya zaidi. Haihitaji mtu apige shambani kwako. Jirani akipiga kukiwa na upepo, au mchana wa joto ikageuka mvuke, inakufikia. Majani yanakuja membamba, yamekunjana kama feni, mishipa imekaribiana, na maua hayashiki.

Ongea na majirani wanaolima nafaka kabla ya Desemba, wape tarehe zako za maua, waombe wapalilie kwa jembe upande wa kwako au wapige asubuhi bila upepo. Na lile bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu lisitumike kwenye mizabibu hata ulioshe kwa sabuni mara ngapi. Mabomba ya kuazima ndo yanamaliza watu hapa.

## Hatua ya 6: Wiki ya maua

Utaona kofia chache zimedondoka, kwanza kwenye mashada yanayopata jua, juu ya shada au katikati yake. Zikifika kama kofia moja kati ya kumi, umeingia. Andika tarehe.

Kuanzia hapo mpaka kofia nane kati ya kumi ziwe chini, usipige dawa yoyote isipokuwa umelazimika kabisa (mvua ya siku nyingi mfululizo na ubwiri vinyoya umeshaonekana shambani), na ukilazimika tumia ile ambayo lebo yake inaruhusu wakati wa maua, jioni, kwa mgandamizo mdogo. Usitikise mizabibu ukidhani unasaidia kuchavusha. Usipunguze majani kwenye eneo la mashada, kuna nchi wanafanya hivyo makusudi kwa sababu wanataka maua yadondoke shada lisibanane, wewe hulitaki hilo.

Kitu kimoja ruksa: kubana ncha. Chipukizi linalokimbia sana, lenye ncha imesimama na kuinamia mbele ya mengine, bana ile ncha ya juu sentimita 2 au 3 kwa vidole mwanzoni mwa maua. Sukari iliyokuwa inaenda juu inabaki kwa maua kwa siku chache, na siku chache ndo unazozihitaji. Machipukizi mafupi au dhaifu usiyaguse, na usichukue mkasi ukakata nusu, unaondoa majani yanayolisha shada.

Alafu kuna wauzaji wa "homoni ya kukuza zabibu". Jiberelini kweli inatumika duniani, ila hasa kwa zabibu zisizo na mbegu. Makutupora Nyekundu, Chenin na Syrah zina mbegu, na ukizipiga homoni hiyo kienyeji wakati wa maua unaweza kuharibu hata mashada ya msimu unaofuata. Mwambie asante, siku nyingine.

Mvua ikinyesha wiki hii hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri. Ikikatika, jua la saa chache likakausha mashada, mengi yanaendelea yenyewe.

*Umefaulu ukiona:* chini kumetapakaa kofia za kahawia, vijiti vya chavua vimenyauka, na kile kitu cha katikati kimeanza kuvimba na kung'aa.

## Hatua ya 7: Kofia zimeisha, rudi kazini

Ndani ya siku 3 au 4 baada ya kofia kuisha fanya yafuatayo.

Gonga mashada taratibu, mabaki ya kofia na maua yaliyokufa yadondoke, maana yakiganda ndani ya shada ukungu wa kijivu unaanzia humo na unakuja kujionyesha punje zikianza kuiva. Piga dawa ya ukungu ya pili, kundi tofauti na la kwanza. Punje zikifika ukubwa wa pilipili mtama, ondoa majani machache yanayofunika mashada, upande wa jua la asubuhi peke yake. Jua la Dodoma la saa 8 mchana linababua punje, upande wa magharibi acha kivuli.

Mbolea sasa ruksa, kidogo, na maji ya uhakika. Mashada yakiwa mengi kupita nguvu ya mzabibu ondoa yale madogo na yaliyochelewa, usiyaonee huruma.

## Hatua ya 8: Pima, usikisie

"Yameshika vizuri" ni maneno ya kila mtu. Kupima ni hivi: kabla ya maua chagua mashada kama matano kwenye mizabibu tofauti, kila moja livalishe mfuko wa chandarua chakavu kilichokunjwa mara mbili, funga kwa uzi kwenye kikonyo bila kubana. Kofia zote zikishadondoka humo, vua, hesabu kofia. Kila kofia ni ua moja. Punje zikifika ukubwa wa njegere hesabu punje za shada lile lile. Mfano kofia 200, punje 70, hiyo ni asilimia 35, umevuka vizuri. Ukipata chini ya 20 kwenye mashada mengi kuna hatua hapo juu iliyokukwamisha, na kuitafuta ndo hivi:

Shada lina punje chache ila zote kubwa na sawa: baridi, mvua, kiu, au naitrojeni. Angalia tarehe na daftari lako.

Punje kubwa chache na vidogo vingi visivyokua: anza kuwaza boroni na zinki, hasa kama na majani ni madogo. Baridi ya usiku nayo inafanya hivi.

Shada zima limekauka kahawia na kujikunja: ubwiri vinyoya. Geuza majani ya karibu uthibitishe.

Majani kama feni na maua hayajashika upande mmoja wa shamba, hasa upande wa jirani: 2,4-D.

Maua yalishika vizuri ila mashada yenyewe yalikuwa machache tangu mwanzo: hilo halikuanzia wiki hii, limetoka kwenye kivuli cha msimu uliopita. Rudi hatua ya 2, na ukipruni safari ijayo chagua matawi yaliyokuwa juani, yenye unene wa kama penseli, ndo uyaachie macho.